Pembe Iliyoamka

"Kila mwenye kovu lililowahi kuvimba, hatua moja mbele! Vua shati!"

Sauti ya Koplo Swaleh ilizunguka uwanja wa kituo cha polisi cha Kakamega, na askari wa gwaride la asubuhi wakatazamana. Walizoea kukaguliwa viatu, vifungo na bunduki. Kukaguliwa makovu ilikuwa amri mpya kabisa, lakini tangu Uhuru amri mpya zilikuwa zikija kila wiki, basi wakatii. Mashati yakavuliwa, na mabega, vifua na migongo ikaanikwa juani.

Inspekta Phineas Lumwachi alipita mbele yao ameinama kama mama anayechagua nyanya sokoni. Alibonyeza, akafinya, akauliza.

"Hili la nini?"

"La chanjo, Afande. Mwaka jana, kule chuoni."

"Linawasha?"

"Linawashanga jua likiwa kali. Nikitoka jasho, ndiyo kabisa."

Phineas aliligusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa gumu, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, na liling'aa utadhani limepakwa samli. Kijana akaruka kidogo kwa maumivu. Phineas akamwomba radhi, akasogea kwa sajini mmoja mtu mzima, ambaye kipande cha bomu kilimchana kifua huko Bama wakati wa vita vya Wazungu. Kovu la sajini lilikuwa pana lakini limelala. Rangi yake ilikuwa imepauka, na lilipofinywa lilikunjamana kama karatasi.

"Hili nalo linawasha?"

"Hili lilikufa zamani, Afande. Hata ukilichoma sindano sisikii."

"Na lilipokuwa jipya?"

"Wacha tu! Lilivimba kama mandazi. Mwaka mzima kulala kifudifudi nilikuwa siwezi. Halafu likaanza kushuka polepole, mwaka wa pili, wa tatu, mpaka likalala hivi unavyoliona."

Phineas aliliachia kovu. Alimgeukia koplo wake. "Swaleh, umeona?"

"Nimeona, Inspekta," alisema Swaleh, mtu wa Mumias asiyejua kusema uongo hata wa adabu. "Lakini sijui nilichoona ni nini."

Phineas akacheka. Alikuwa hajalala vizuri siku kadhaa, na sasa alijiona mwepesi kama aliyetoka kuoga mtoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa Februari, jioni ya kuamkia Idd, wakati Waislamu wa mjini wametoka nje kutafuta mwezi, mtu aliyejifunga gunia usoni aliingia katika duka la Bashir. Bashir alikuwa fundi cherehani, na pembeni alinunua vumbi la dhahabu kutoka kwa wachimbaji wa Malinya. Yule mtu alimkaba mpaka roho ikamtoka. Kulthum, mke wa Bashir, alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi kanzu ya mumewe ya Idd. Aliposikia vurugu alitoka na pasi ya makaa mkononi, akaikandamiza nyuma ya bega la kushoto la yule mtu mpaka nyama ikanuka. Muuaji akapiga yowe, akapotea gizani na dhahabu ya Bashir.

Tangu hapo wilaya nzima ilijua kwamba muuaji wa Bashir ana alama ya moto begani. Miezi ikapita bila mtu kuonekana. Mara, wiki hii ya kuelekea sherehe za Jamhuri, Cornelius Shilaho, tajiri wa mafahali wa kupigana na mwenye mashimo ya dhahabu huko Malinya, akamleta kituoni kibarua wake mwenyewe akiwa amefungwa kamba. Kibarua aliitwa Protus. Nyuma ya bega lake la kushoto kulikuwa na kovu la moto, kubwa, limeinuka kingoni. Protus aliapa kwamba alimwagikiwa uji akiwa mtoto mdogo, lakini mama yake, shahidi pekee, alikuwa kaburini. Kesho asubuhi gari lingempeleka Kisumu mbele ya jaji, kwa shtaka ambalo mwisho wake ni kitanzi.

"Inspekta! Hiki ni kituo cha polisi au zahanati?"

Mkuu wa kituo, Kipsang, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, na Mzungu aliyeondoka alikuwa amemwachia faili la Bashir juu ya meza kama mtu anayeacha vyombo vichafu. Kipsang alitaka kulifunga kabla ya bendera ya Jamhuri kupanda.

"Naomba Protus atolewe, Mkuu. Nataka kovu lake lisimame na haya."

"Kovu halina cheti cha kuzaliwa, Lumwachi."

"Lina umri lakini. Na umri unaonekana, kama wa ng'ombe."

Protus akaletwa, akipepesa macho kwa mwanga. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye viganja vilivyopasuka kwa sururu. Alipoambiwa avue shati alitetemeka, akidhani ameletwa kuchapwa.

"Usiogope, ndugu yangu," Phineas akamwambia. "Hapa linawasha?"

"Hapana, Afande. Haliwashangi."

"Nikibonyeza, unaumia?"

"Siumii. Nasikia tu mkono wako."

Phineas alilifinya. Likakunjamana. Katikati lilikuwa limelala na kupauka, kingo tu ndizo zilizobaki zimeinuka, na lilikuwa limevutika kwenda juu na chini kufuata bega. Mwili wa mtoto ulikua, nalo likavutwa pamoja nao. Phineas akamsimamisha Protus kati ya sajini wa Bama na kijana wa chanjo, akawageuza migongo na vifua kuelekea kwa Mkuu.

"Tazama mwenyewe, Mkuu. Kulthum alichoma mtu mwezi wa Februari. Kovu la Februari leo lingekuwa kama hili la kijana. Gumu, jeusi, linang'aa, linawasha. La Protus ni ndugu ya lile la sajini."

Kipsang alisogea, akatazama, akanywa chai. Ilionekana wazi kwamba maneno yanaanza kumwingia. Ndipo konstebo aliyeitwa Kiplagat, ambaye angefanya vizuri zaidi kunyamaza, akanyanyua mkono.

"Samahani, Afande. Langu mimi ni la mwiba. Nilichomwa nikichunga mbuzi, nikiwa mdogo sana. Na linawasha mpaka leo. Kila mwaka linaongezeka."

Wote wakamgeukia. Katikati ya kifua cha Kiplagat kulikuwa na uvimbe mgumu, mweusi, unaong'aa, mkubwa kuliko mwiba wowote uliowahi kuota duniani.

Kipsang aliangua kicheko hadi chai ikamwagika. "Basi! Gwaride lako limekufa, Lumwachi! Hili la utotoni na linaonekana la jana. Kwa nini la jana lisionekane la utotoni?"

Askari nao wakacheka, kwa kuwa mkubwa akicheka, mdogo hana budi. Phineas hakucheka.  Alimkumbuka dada yake Risper, aliyetoboa masikio akiwa msichana, na sikio moja likaota kinundu ambacho mpaka leo, akiwa na watoto wakubwa, bado kilimwasha. Alilijua hilo. Mbona hakulifikiria? Alitembea mpaka mwisho wa mstari, akarudi, akitazama ngozi moja baada ya nyingine. Kisha akasimama ghafla.

"Mkuu, umeuliza swali zuri. Tuliulize gwaride." Akapaza sauti. "La Kiplagat ni kovu zee linalojifanya changa. Hilo linatokea, hata dada yangu analo. Sasa nani hapa ana kovu la mwaka huu au mwaka jana ambalo limelala, limepauka, na linakunjamana? Mmoja tu! Ajitokeze nimvulie kofia!"

Askari walitazamana mabega. Waligeuzana. Hakutoka mtu.

"Hakuna," alisema Phineas. "Uzee haughushiwi, Mkuu. Kovu linaweza kukataa kuzeeka, lakini haliwezi kuzeeka kabla ya siku zake. Protus hakuchomwa Februari."

Kipsang hakucheka tena. Alisugua kidevu. "Mimi umenishika. Jaji hutamshika kwa gwaride la watu walio uchi. Niletee mtu mwingine, Lumwachi. Ukimkosa, gari linaondoka kesho na huyu kijana ndani. Na usiende kukamata kila mwenye kovu begani, maana utaanza na Cornelius mwenyewe, na lile lake kila mtoto anajua ni la pembe ya fahali."

"Lile analoonyesha watu uwanjani? Si lililala zamani?"

"Lililala, sasa limevimba kama muhogo. Wewe huendi kwenye mafahali? Huko Malinya wanasema pembe imeamka. Tangu iamke, fahali wake Gavana hajashindwa."

Phineas alimtazama mkubwa wake kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. "Limevimba," alisema polepole. Halafu akaanza kukimbia. "Swaleh! Landrova!"

Njiani Swaleh alishikilia mlango kwa mikono miwili, kwa jinsi Phineas alivyoendesha.

"Inspekta, kovu linaweza kuamka?"

"Lililolala kwa miaka? Halijiamshi. Lazima ngozi ifunguliwe upya."

"Lakini watu wote wameliona. Mimi mwenyewe nililiona Agosti. Nililigusa, wallahi, wakasema lina bahati."

"Ndiyo werevu wake, Swaleh. Tulikuwa tunamtafuta mtu anayeficha bega."

Walipofika Malinya mchezo wa mafahali ulikuwa umepamba moto. Ngoma za isukuti zilikuwa zinapigwa mpaka ardhi inatetemeka, vijana wakikimbia na matawi mabichi, wazee wakipiga miluzi. Pembeni mwa uwanja alisimama Gavana, fahali mweusi mwenye shingo nene, aliyebatizwa jina hilo kwa heshima ya yule Mwingereza aliyefungasha virago. Na kando yake, kifua wazi, majani kiunoni, alikuwa Cornelius Shilaho. Watu walipanga foleni kugusa bega lake.

"Mulembe, Inspekta!" Cornelius aliita kwa furaha. "Umekuja kunishukuru? Yule mwizi wangu ameshakiri?"

"Mulembe, Bwana Cornelius. Nimekuja kuona pembe."

"Guza, Afande! Guza upate bahati!" watu wakamsukuma mbele.

Phineas alisimama nyuma ya lile bega la kushoto, na kwa muda akasahau kelele zote. Makovu yalikuwa mawili. Juu, karibu na shingo, ulipita mstari mwembamba uliopauka, umelala kabisa, laini. Hiyo ndiyo ilikuwa pembe ya kweli. Chini yake kulikuwa na bonge jeusi linalong'aa, gumu, ambalo lilikuwa limetambaa nje ya mipaka yake na kuumeza mkia wa lile kovu la zamani. Mtu asiyejua angesema ni kovu moja lililovimba upande mmoja. Phineas aliweka kidole kwenye ule mstari na kubonyeza. Cornelius hakushtuka. Akakiteremsha kidole kwenye bonge, akabonyeza kidogo tu, na misuli yote ya mgongo ule mpana ikaruka.

"Linauma?"

"Fahali akitaka vita, lazima liume."

"Linawasha pia?"

"Sana. Ndiyo dalili."

Wakati huo waimbaji walikuwa wamefika. Mbele yao alikuwa Musimbi, mama mnene mwenye sauti iliyoweza kufika Lurambi bila posta. Aliimba kwa Kiidakho, lugha ya huko, na umati ukaitikia kwa kupiga miguu chini:

"Pembe ililala, pembe imeamka!
Jioni Waislamu wakitafuta mwezi,
bwana akarudi kutoka mjini,
pembe inamlilia maji begani.
Gavana, kunywa maji ya pembe, ushinde!"

Swaleh alimshika Phineas mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Inspekta. Jioni ya kutafuta mwezi. Nilikuwa nje ya msikiti nikitazama juu, na Bashir anauawa ng'ambo ya barabara. Wimbo huu nimeusikia mara ngapi, ya Rabi!"

"Na mimi nimeucheza matangani bila kujua ni pembe ya nani," alisema Phineas. Kisha akaifanya sauti yake ya mgeni mwenye adabu. "Mama Musimbi, wimbo mtamu huu. Umeutunga mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu! Kuna mwingine anawezanga?"

"Na maji ya pembe ni maji gani? Nimesikia pembe inatoa damu. Maji ni mapya kwangu."

"Mama, endelea kuimba," Cornelius alidakia. "Gavana anangoja."

Lakini kumzuia Musimbi asielezee wimbo wake ni kazi ambayo hata marehemu mumewe alishindwa. "Si utungo mtupu, mwanangu! Niliyaona kwa macho yangu. Mimi na huyu tumepakana mashamba. Jioni ile alikuja kwangu anahema, akaniambia pembe imeamka. Nikatazama. Ngozi ilikuwa imefura, imejaa maji kama kibofu! Nikaipasua kwa mwiba, maji yakatoka, nikampaka asali. Asubuhi yake Gavana akapiga fahali wa Shinyalu mpaka akakimbia!"

"Ewaa!" umati ukaitikia.

"Malengelenge?" aliuliza Phineas.

"Hayo hayo. Makubwa! Ngozi inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa."

"Wewe umelea watoto, mama, na umepika miaka mingi. Malengelenge huletwa na nini?"

Musimbi alifungua kinywa kujibu, kisha akakiacha wazi. Alimtazama Inspekta. Alilitazama bega la jirani yake. Kijana mmoja wa ngoma aliendelea kupiga peke yake, akaona hapana anayecheza, akanyamaza.

"Pembe inaletanga damu," alisema Musimbi, na ile sauti kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Moto ndio unaletanga malengelenge."

"Mwanamke huyu amelewa!" Cornelius alipiga kelele. "Asubuhi hii hii amekunywa busaa!"

"Cornelius Shilaho," alisema Phineas, "nakukamata kwa mauaji ya Bashir, fundi wa nguo. Si lazima useme neno, na ukisema—"

Cornelius hakumngoja amalize. Alichomoa kamba ya Gavana kutoka mkononi mwa mchungaji, akampiga fahali mgongoni na kumwelekeza kwenye umati. Watu wakatawanyika wakipiga mayowe, matawi yakiruka, mama wakinyakua watoto. Phineas alijitupa kando, akahisi upepo wa pembe ukipita karibu na sikio. Lakini Gavana hakuwa na ugomvi na polisi. Alimwona mpinzani wake ng'ambo ya uwanja, akaenda zake kufanya kazi aliyoletewa.

Cornelius alikuwa tayari anakimbilia kwenye mahindi. Alikuwa mkubwa, mwenye mbio, na kama si Swaleh angefika. Swaleh, aliyembeba Bashir kwenye jeneza mpaka makaburini siku watu wanakula Idd, aliruka shina la mti, akanyoosha mkono na kupata mahali pamoja tu pa kushika. Vidole vyake vilifumba juu ya lile bonge jeusi.

Yowe lililotoka lilisikika mpaka barabarani. Cornelius alipiga magoti kwenye matuta ya mahindi, na mtu yule aliyewahi kunyanyuliwa juu ya pembe za fahali bila kulia, sasa alilia kama mtoto. Phineas alimfunga pingu mikono nyuma. Musimbi alisimama ukingoni mwa shamba, kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Nimeimba wimbo huu kwa mazishi ya watu," alisema. "Nimewachezesha wajane."

 Phineas alimwambia tu kwamba atahitajika kwa jaji, na kwamba aje na sauti yake yote.

Jua lilikuwa kali waliporudi mjini. Cornelius alikaa nyuma ya Landrova, jasho likimtiririka begani, akijisugua kwenye bati. Kwanza kidogo kidogo, kisha kwa nguvu.

"Afande, nifungulie mkono mmoja," alisema mwishowe. "Mmoja tu. Linawasha."

"Gavana anataka vita?" aliuliza Swaleh.

Kipsang aliwapokea kwenye ngazi za kituo. Alilitazama bega la Cornelius. Kisha akachukua ufunguo mwenyewe, akaenda kufungua seli. Phineas alipomwona Protus akitoka nje na shati lake mkononi, hajui aende kushoto au kulia, alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alimpa mkono. "Nenda nyumbani, ndugu yangu. Yamekwisha."

Protus alishuka ngazi na kukutana uso kwa uso na tajiri wake, aliyekuwa anasubiri kuandikishwa, pingu nyuma, akipindapinda mabega.

"Protus," alisema Cornelius kwa sauti ile ile aliyozoea kumtumia shimoni. "Nikune hapa. Haraka."

Swaleh alitaka kuingilia, Phineas akamzuia kwa kiwiko. Protus alizunguka nyuma ya yule mtu mkubwa. Alilitazama kovu. Akanyanyua kiganja chake kilichopasuka, akakilaza juu yake taratibu, na Cornelius akafumba macho, akingoja.

Protus aliondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria. Akapeleka vidole vile vile nyuma ya bega lake mwenyewe, kwenye ngozi iliyolala tangu utoto.

"Hili bado lina moto," alimwambia Inspekta.

Akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akashika njia ya Malinya kwa miguu.